Jina la babu na kipimo cha DNA

Dada yangu wa Jinja, umeuliza kama DNA itakuonyesha jina la babu yenu, Mganda wa ukoo wa Ngabi, lilitoka wapi. Lenyewe jina halitaonekana. Kinachofuatika ni kromosomu Y, sehemu ya DNA ambayo baba humpa mwana wa kiume tu. Wewe huna, kwa hiyo mwombe kaka yako, baba, au baba mdogo atoe mate.

Tatizo kubwa ni kwamba kwetu Uganda watoto wa baba mmoja mara nyingi wana majina tofauti kabisa. Huwezi kutafuta kwa jina kama wafanyavyo Waingereza. Tafuta kwa ukoo, maana Buganda ukoo hufuata baba, sawa na kromosomu hiyo. Lakini usidhani kila mwenye mwiko wa pongo (ndiye ngabi, mnyama wa ukoo wenu) ni damu yenu. Hata Wabiito, ukoo wa kifalme wa Bunyoro, wana mwiko huohuo. Ndiyo maana ningeanza kwa wazee: uliza ssiga lenu (tawi kubwa la ukoo), mutuba wenu (tawi dogo ndani ya ssiga), na kiggwa, yaani makao ya jadi ya ukoo, kiko wapi. Kisha mtafute mwanamume wa ssiga hilohilo akubali kupimwa pamoja na kaka yako, mlinganishe kromosomu zao za Y.

Chagua kampuni inayopima Y. Vipimo vya kuthibitisha baba wa mtoto, kama vya maabara ya serikali pale Wandegeya, Kampala, vina kazi nyingine.

Na tafadhali, kaka yako ajue mapema kwamba majibu yanaweza kuonyesha damu isiyolingana na ukoo. Akisita, usimlazimishe.