Kabla hujaandika "mwamko mdogo"

Wiki iliyopita nilisoma rasimu tatu za wasaidizi wapya wa utafiti, na zote, kana kwamba zimepikwa chungu kimoja, zinahitimisha kwamba Walatino wa Texas, Marekani, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, hawaendi kliniki kwa sababu ya utamaduni na mwamko mdogo. Wadogo zangu, sentensi hiyo ninaifahamu vizuri, kwa kuwa mimi mwenyewe niliitoa kwenye ripoti za wilaya za nyumbani Tanzania nikaivusha bahari ikiwa nzima.

1. Msiwaweke Walatino wote katika safu moja. Mzaliwa wa Puerto Rico ni raia wa Marekani kwa sheria ya 1917, ingawa Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kisiwani kwao ina kikomo cha fedha ambacho majimbo hayawekewi. Mcuba ana njia yake ya ukazi tangu 1966. Mguatemala asiye na hati za uhamiaji haruhusiwi kununua bima katika soko lililoanzishwa na sheria ya afya ya 2010, hata akija na fedha taslimu. Wastani wa watu hao watatu si hali ya yeyote kati yao.

2. Pangeni tarehe za sera kabla ya kufungua takwimu: sheria ya 1996 inayomsubirisha mkazi wa kudumu miaka 5 kabla ya Medicaid, na hukumu ya Mahakama ya Juu ya 2012 iliyoyapa majimbo hiari ya kutopanua Medicaid ili ifikie watu zaidi, hiari ambayo Texas inaitumia hadi leo.

3. Swali la hati lisitangulie. Hapa naomba mnivumilie. Mwezi Agosti 2019 serikali ilitangaza kanuni ya kumnyima ukazi wa kudumu mhamiaji anayeelekea kuwa mzigo kwa umma, na miezi michache baadaye mimi nilikuwa kliniki na dodoso la kurasa nne, ambalo swali lake la kwanza, kwa mpangilio wangu mwenyewe, lilikuwa hali ya uhamiaji. Mama mmoja, mtoto akimkoholea mapajani, alilifuata swali hilo kwa kidole, kisha akaniuliza kwa Kihispania karatasi ile inapelekwa kwa nani. Nilimjibu kwa majivuno ya msomi kwamba kamati ya maadili imeidhinisha usiri. Aliikunja mara nne, akaitia mkobani, akamfunga mtoto vifungo vya koti na kuondoka kabla muuguzi hajawaita. Niliingiza msimbo 9, yaani amekataa, nikamwita anayefuata, na jioni nikaandika "mwamko mdogo" bila hata kusita.

Msimamizi wangu aliipitia ripoti akauliza jambo moja tu: "Huyu namba 41, mtoto wake alitibiwa?" Sikuwa na jibu, na sinalo hadi leo. Karani wa mpango wa lishe wa WIC, aliyekaa meza ya pili kutoka yangu, ndiye aliyenieleza kwamba akina mama walikuwa wakija kuomba majina ya watoto wao yafutwe, ilhali kanuni ile haikuigusa WIC hata kidogo. Nilikaa naye chumba kimoja wiki tatu pasipo kumuuliza chochote zaidi ya kalamu. Kanuni yenyewe iliachwa mwaka 2021.

4. Aliyekataa na aliyeondoka wapewe misimbo tofauti, na safu ya maelezo ijazwe siku hiyohiyo.

Rasimu zenu mtazipata Jumatatu. Neno "utamaduni" nimelizungushia wino mwekundu mara 14, na atakayelirudisha aje na ushahidi wake.