Mwasho Baina ya Vidole vya Miguu

Swali: Daktari, mimi ni mchezaji wa kandanda. Ngozi iliyo baina ya vidole vyangu vya miguu imekuwa nyeupe, inachanika na kuwasha. Nilipaka dawa ya ukurutu niliyopewa na mwenzangu, mwasho ukatulia, kisha ukarudi kwa nguvu. Nifanyeje?
Msomaji, Likoni, Mombasa

Jibu: Ndugu msomaji, dalili ulizozieleza zinaelekea kuwa za fangasi wa miguu, ambao hustawi penye joto na unyevu, na kwa hali ya hewa ya Pwani viatu vilivyolowa jasho huwapa makao mazuri. Dawa nyingi za ukurutu zina steroidi, ambayo hutuliza mwasho huku ikiwaacha fangasi waenee, tafadhali iache. Paka krimu ya klotrimazoli, dawa ya fangasi, mara 2 kwa siku kwa wiki 4, bila kuikatiza ngozi inapoonekana imepona. La muhimu zaidi, nami nalisisitiza kwa kuwa wachezaji wengi hulipuuza, ni kukausha vizuri baina ya kila kidole baada ya kuoga, kwa taulo yako mwenyewe, kisha uvae soksi safi za pamba. Mguu ukivimba na kuuma, au ikiwa una kisukari, nenda hospitali mapema, kwani bakteria huweza kupenya kwenye nyufa hizo.