Kwa nini kidonda cha mzee huchelewa kufunga?

Swali: Daktari, mama yangu ana umri wa miaka 74. Wiki 3 zilizopita aligonga muundi kwenye ukingo wa kitanda, ngozi ikachanika, na hadi leo kidonda hakijafunga, ilhali mjukuu wake aliyechubuka goti wiki hiyohiyo amekwisha kupona. Ngozi yake ina tatizo gani? Na je, ni kweli kidonda kinapaswa kuachwa wazi kikauke?

Jibu: Ndugu msomaji, mpe mama pole. Majeraha hayo mawili hayalingani hata kabla ya kutazama umri. Damu ikishaganda na chembe nyeupe zikishaondoa vijidudu na tishu zilizokufa, nyama mpya hujaza pengo, huku seli za tabaka la nje zikitambaa juu yake hadi zikutane. Katika mchubuko, seli hizo hutoka kingoni na pia katika mashina ya vinyweleo yaliyosalia, kwa hiyo kazi huisha upesi. Mpasuko uliozama hutegemea kingo pekee.

Umri nao huongeza uzito. Tabaka la kati la ngozi hupungukiwa kolajeni, yaani protini inayoipa ngozi uimara, na mishipa midogo ya damu, seli hugawanyika polepole, na mikunjo midogo inayoshikamanisha tabaka la nje na la kati husawazika, ndiyo maana pigo dogo tu hutosha kuichana ngozi ya mzee. Kwenye muundi hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa ngozi imelala karibu na mfupa na damu hurudi juu kwa shida.

Kuhusu kukausha, nakusihi msifanye hivyo. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba majeraha mepesi yaliyofunikwa kwa utando wa plastiki yalijifunika ngozi mpya kwa kasi takriban maradufu ya yale yaliyoachwa wazi. Seli hutambaa penye unyevu. Gaga likiwa kavu, hulazimika kupita chini yake kutafuta njia. Osheni kidonda kwa maji safi, kifunikeni kwa bandeji isiyonata, na msikipake spiriti, kwa sababu huua hata seli changa zinazokifunga.

Hata hivyo, wiki 3 bila kufunga si jambo la kusubiri. Mpeleke hospitali wiki hii apimwe sukari na mzunguko wa damu mguuni, na msifunge bandeji ya kubana kabla ya kipimo hicho, kwani mishipa inayopeleka damu mguuni ikiwa imeziba, bandeji hiyo yaweza kudhuru. Akipata homa, usaha au wekundu unaosambaa, mpeleke siku hiyohiyo. Kidonda kikifunga, endeleeni kuulinda muundi, maana kovu hujijenga kwa miezi mingi na uimara wake haufiki zaidi ya takriban asilimia 80 ya ngozi ya awali.