Tarot kwa anayeanza: jibu langu kwa mdau wa Kasulu

Mdau wa Kasulu kauliza mambo matatu: tarot, yaani zile karata za picha watu wanazotabiria, ni uchawi au siyo, pakiti inapatikana wapi huku kwetu, na kwa nini kila akifungua programu ya simu asubuhi anakutana na karata ya Kifo. Wengine mmemjibu kwa mizaha, wengine mmemtishia jehanamu. Mimi nina steshenari Mwanga, hapa Kigoma mjini, na karata hizi nazishika miaka kadhaa sasa. Naomba nimjibu kwa kirefu.

Kwanza asili yake, maana hapo ndipo uongo ulipojaa. Utaambiwa zimetoka kwa makuhani wa Misri ya kale. Siyo kweli. Zilianzia kaskazini mwa Italia karne ya 15, zikiwa karata za kuchezea tu, na Wafaransa hadi leo wana mchezo wao wa tarot. Habari za Misri aliziingiza Mfaransa Antoine Court de Gébelin mwaka 1781, miaka kama arobaini kabla msomi Champollion hajafumbua maandishi ya Wamisri. Yaani mtu alisimulia siri za maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma! Muda si mrefu Mfaransa mwenzake, Etteilla, akageuza utabiri kuwa ajira, na biashara ikashika mpaka leo.

Pakiti ina karata 78. Kati ya hizo 22 ni kubwa, kuanzia Mjinga mwenye namba 0 hadi Dunia yenye namba 21. Zilizobaki 56 usiziogope, kwa sababu ukijua karata za kawaida ushajua nusu ya kazi: kopa ndiyo Vikombe, uru ndiyo Sarafu, shupaza ndiyo Panga, pau ndiyo Fimbo. Kila kundi linaanza na ree hadi kumi, halafu Kijana, Mpanda Farasi, Malkia na Mfalme. Tofauti na karata za kijiweni ni huyo mmoja aliyeongezeka kwenye wakubwa. Vikombe vinahusu moyo, Sarafu riziki na mwili, Panga maneno na mawazo, Fimbo juhudi na moto wa kazi.

Pakiti ya kuanzia ni ile ya mwaka 1909 iliyotolewa London. Mwandishi A. E. Waite alitoa mpango, Pamela Colman Smith akachora. Wengi humtaja Waite tu, na mimi naona ni dhuluma, kwa sababu kinachomsaidia mwanafunzi ni mkono wa huyo mama. Kwenye pakiti nyingi za zamani, Tano ya Vikombe ilikuwa vikombe vitano vimepangwa, basi. Yeye akaweka mtu na tukio karibu kwenye kila karata. Chukua hizo Tano zote nne uzipange mezani. Kwenye Fimbo vijana wanagombana. Kwenye Vikombe mtu kavaa joho jeusi anatazama vitatu vilivyomwagika, na viwili vizima viko nyuma yake, hajavigeukia. Kwenye Panga mmoja kashinda, wenzake wanaondoka wameinama. Kwenye Sarafu maskini wawili wanapita kwenye theluji chini ya dirisha la kanisa. Hapo hujafungua kitabu, na ushaona kwamba tano ni namba ya misukosuko.

Ndiyo maana sikushauri uanze kwa kukariri maana. Toa karata moja kwa siku, itazame, andika kwenye daftari unachokiona: nani yupo, anaelekea wapi, mkononi kashika nini. Ukimaliza ndiyo usome wengine wanasemaje.

Kuna mzee mmoja wa Katonga, mvuvi, alikuja dukani kutoa kopi ya leseni, akaikuta Sita ya Panga juu ya kaunta. Inaonyesha mtumbwi, nyuma kasimama anayeuendesha, mbele wamekaa mwanamke na mtoto wamejifunika, na panga sita zimesimama wima ndani ya chombo. Vitabu vingi vinasema ni safari ya kuondoka kwenye taabu. Mzee akaishika, akaisogeza kwenye mwanga wa mlangoni, akasema, "Hawa bado hawajaondoka."

Nikamuuliza, "Kwa nini, mzee wangu?"

"Huyu anasukuma kwa upondo. Upondo unataka kugusa chini. Kwenye kina ungemwona na kasia." Akageuza karata huku na huku. "Na hayo mapanga mwambie asiyang'oe, maji yataingia."

Ziwa letu linashuka ghafla, hatua chache tu upondo haufai kitu, kwa hiyo mzee alijua anachosema. Tangu hapo karata hiyo ikimtokea mtu aliyeacha kazi au aliyetoka kwenye ndoa, namuuliza kama bado anagusa chini. Mara nyingi mazungumzo yote yanaanzia hapo, na karata tunaisahau.

Sasa Kifo, namba 13. Mifupa imevaa deraya nyeusi juu ya farasi mweupe, mfalme kalala chini, askofu anaomba, binti kageuza uso, mtoto mdogo anamtazama tu. Nyuma kabisa kuna jua kati ya minara miwili. Inasomwa kama mwisho wa jambo: kazi, uhusiano, tabia. Mdau anasema anatandaza karata kumi kila asubuhi, ule mtindo wa Msalaba wa Kiselti. Piga hesabu: kumi kati ya 78 maana yake karata yoyote ile itakutokea takriban mara moja kila siku nane. Nne ya Sarafu nayo inakuja kwa kasi hiyohiyo, ila haina mifupa ndiyo maana huikumbuki. Shuka uje kwenye karata tatu: hali ilivyo, kinachokwamisha, hatua inayofuata. Kumi ni nyingi mno kwa anayeanza.

Uchawi? Kama dini yako inakukataza, acha, wala usitafute uchochoro. Al-Maida aya ya 90 na Kumbukumbu la Torati 18 ziko wazi kuhusu mambo ya kupiga ramli, na mimi si sheikh wala mchungaji. Mimi sitabiri. Natumia picha kumfanya mtu aseme kilichomkaa rohoni.

Ila kuna mpaka sivuki. Sisi wa Kigoma tunajua kamchape, wale wanaojidai kufichua wachawi, walivyovuruga vijiji: watu wanachangishwa hela, nyumba ya bibi kizee inaingiwa, kinatolewa "kitu", na bibi hana tena pa kuishi. Ramli chonganishi inaweza kufanywa hata kwa karata nzuri za London. Dada mmoja alinijia hela za kikoba zimepungua, anataka jina la mwizi. Nikamwambia humu hamna jina la mtu yeyote wa kikundi chenu, nenda mkafungue daftari na mweka hazina mbele ya wote. Alikasirika, sawa. Swali lihusu wewe na utakachofanya. "Nani ananiroga" silisomi hata nikilipwa.

Pakiti madukani huku sijaiona. Michoro ya 1909 haina tena haki miliki, kwa hiyo pakua picha za toleo la zamani na uchapishe. Yale yaliyopakwa rangi upya yana wenyewe, yaache. Ukizipunguza ziwe na urefu wa karata za kawaida, A4 moja inabeba tisa, hivyo kurasa tisa zinatosha. Omba manila nyeupe. Usilaminishe, plastiki inafanya rundo liwe nene na kuteleza, huwezi kulichanganya. Na zikatwe kwa mashine ya kukatia karatasi, siyo mkasi, maana kingo zisipolingana utaijua karata kabla hujaifunua.