Mwili wa moto si malaria kila mara: jibu kwa ndugu ambaye mdogo wake alianguka kazini mbele ya tanuru

Ndugu, umeuliza kama joto peke yake linaweza kumwangusha kijana mwenye nguvu, maana nyumbani wamekwisha kusema mdogo wako ana malaria. Linaweza. Nilifanya miaka saba kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba hapa Lubumbashi, Kongo, jina naliacha.

Ilikuwa Oktoba, mvua bado, siku zile ambazo hata chini ya mwembe jasho linatiririka. Shaba huyeyuka kwa nyuzi 1,085, na wewe uko mbele yake na salopeti nzito (ovaroli), glavu na kofia ngumu. Kijana mgeni, siku yake ya tatu, akaanza kumwita kapita, msimamizi wetu, "mama". Tukacheka. Bado naona aibu. Muda si mrefu akaanguka, ngozi inaunguza kama sufuria. Wazee wakasema malaria hiyo, leteni blanketi na parasetamoli.

Ukigusa paji la uso huwezi kutofautisha, lakini ndani ni mambo mawili. Kwenye malaria ubongo wenyewe umepandisha kipimo: unataka mwili ufike nyuzi 39 au zaidi, ndiyo maana mgonjwa anatetemeka na kuomba blanketi huku anawaka. Parasetamoli inakishusha kipimo hicho. Aliyepigwa na joto, ubongo wake bado unataka 37, ila mwili umeshindwa kutoa moto wote unaoupokea nje na ule unaozalishwa na misuli. Kidonge hakina cha kushusha hapo, na ini ambalo tayari linaumia linaongezewa mzigo.

Munganga, yaani daktari, aliyetufundisha baadaye alituambia tufikirie yai. Ute wake ni protini, nyuzinyuzi zilizokunjwa kwa umbo maalumu. Moto ukizikunjua hazirudi tena. Seli zetu zimejaa protini za namna hiyo, na hazingoji kuchemshwa: mwili ukipita 41 au 42, baadhi zinaanza kulegea na kushikamana. Seli ina walinzi, protini nyingine zinazozidaka zile zilizolegea na kuzisaidia kujikunja upya. Habari yao ilianza kwa ajali. Mtaalamu wa Italia, Ferruccio Ritossa, alikuwa akichunguza inzi wadogo wa matunda, mtu akapandisha joto la kabati walimotunzwa, na kromosomu zao, zile nyuzi za urithi ndani ya seli, zikavimba mahali ambapo hazikuwa zikivimba, alama kwamba seli imeanza kuagiza protini hizo. Aliandika hayo 1962. Protini zenyewe zikatambuliwa 1974. Hata mahindi na bakteria wanazo.

Walinzi hao huongezeka mwili ukizoea joto kidogo kidogo, wiki moja hadi mbili. Jasho nalo huanza kutoka mapema na kupoteza chumvi kidogo. Yule kijana wa siku ya tatu hakuwa na lolote kati ya hayo, na alipewa zamu nzima.

Kitu kingine: damu ikikimbilia kwenye ngozi ili ipoe, matumbo yanabaki na njaa ya damu, ukuta wake unavuja, sumu za bakteria zinaingia mwilini. Mtu anatapika, na mtaani wanasema amelogwa na wenzake wa kazi. Nimesikia hiyo pia.

Tulimvua salopeti, tukamburuta kivulini, tukammwagia maji ya pipa mfululizo huku wawili wanampepea kwa katoni. Alipona. Usingoje ngozi ikauke ndipo uamini ni joto. Anayefanya kazi ngumu anaweza kuanguka bado anatoka jasho. Alama kubwa ni akili kuchanganyikiwa. Asiyejitambua msimnyweshe kitu, mmwagieni maji tu huku mnatafuta gari la hospitali.

Kipimo cha damu cha malaria mfanyeni pia, hayo mawili yanaweza kukutana kwa mtu mmoja. Na leo hii angalieni mkojo wake: ukiwa wa rangi ya chai kavu isiyo na maziwa, misuli imeharibika na figo ziko hatarini. Mpelekeni usiku huu huu, msingoje asubuhi.