Shujaa Ana Miaka Kumi, Utingo Wake Ana Arobaini na Mbili

Mwaka juzi, likizo ya Desemba, mpwa wangu alikuja kwangu Mikindani, Mtwara, na daftari la mistari lililochakaa jalada. Nilikuwa nachanganya rangi ya bango la duka la nguo. Akanisalimia, akasubiri niitikie, kisha akaliweka daftari juu ya kopo la rangi nyeupe.

"Mjomba, nina stelingi wangu hapa. Nataka tumchore."

Stelingi mwenyewe aliitwa Somoe, miaka kumi, darasa la tano kama yeye. Nguvu yake haikuwa ya kupaa wala ya kutoa moto machoni. Akigusa gunia la korosho anajua kilo zake, basi. Gunia likiwa na kilo 83 na mzani ukasema 76, Somoe kiganja kinamuwasha. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Kwa mtu wa huku kusini hiyo ni nguvu kubwa kuliko kupaa.

"Msaidizi wake nani?"

"Mjomba wake. Ana bodaboda."

Naandika haya kwa mtu anayechora katuni na watoto, au anayetaka kutunga hadithi ambayo mtoto ndiye shujaa na mtu mzima ndiye utingo. Nimeifanya kazi hiyo, na nimeiharibu kabla haijakaa sawa. Mimi ni fundi mabango, si mwandishi, kwa hiyo nitasema nilichokiona kwenye karatasi.

Kosa la kwanza lilikuwa mjomba. Mpwa wangu alinipa hadithi kwa mdomo, mimi nikashika penseli. Tulipofika ukurasa wa nne mjomba alikuwa anapigana na walinzi wawili wa ghala, amekunja mikono ya shati, pikipiki imelala chini inatoa moshi. Nilimchora vizuri sana, misuli na kila kitu. Somoe alikuwa nyuma ya mti wa mwembe, ameshika kofia ngumu ya mjomba wake.

Mpwa wangu akaangalia kimya. Kisha akaanza kuhesabu kwa kidole viputo vya maneno. Mjomba: 19. Somoe: 6. Na katika hivyo 6, viwili vilikuwa "Mjomba, angalia!"

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo wake: hesabu viputo. Usijiambie kwamba mtoto ndiye shujaa kwa sababu jina lake liko kwenye jalada. Hesabu nani anasema, nani anauliza, na hasa nani anaamua sasa tuelekee wapi. Mkono wa mtu mzima ukishika penseli, unajichora wenyewe.

Si mimi wa kwanza. Katuni za mashujaa za Marekani zilishika mapema mpangilio huohuo, mkubwa mbele, mdogo nyuma. Batman alitoka 1939, mwaka uliofuata akapewa Robin, mtoto wa sarakasi, kwa sababu mtu anayezunguka usiku peke yake hana wa kuzungumza naye, na katuni bila mazungumzo inakuwa bubu. Captain America alipotoka 1941 alikuja na kijana wake Bucky tangu toleo la kwanza. Ikawa desturi.

Lakini mwaka huohuo wa 1941 Jerry Siegel, yuleyule aliyembuni Superman pamoja na Joe Shuster, aliigeuza desturi hiyo juu chini. Alimtunga Star-Spangled Kid, mtoto wa kitajiri aitwaye Sylvester Pemberton, na msaidizi wake Stripesy akawa mtu mzima kabisa: Pat Dugan, dereva wa nyumbani kwao. Mtoto ndiye bosi, mtu mzima ndiye anayeendesha gari na kulitengeneza. Hawakupata umaarufu wa Batman, wala hawakuukaribia. Lakini nilipowajua nilishika kichwa, maana Siegel alishajibu swali lililokuwa limenishinda mezani: mtu mzima ana nini ambacho mtoto hana? Dugan ana leseni na spana.

Hapo ndipo pa kuanzia. Kabla hujachora sura ya mtu mzima, andika pembeni kitu kimoja anachoweza yeye tu. Kwa Mtwara nilipata haraka. Mtoto wa miaka kumi akifika peke yake kwenye ghala la korosho, mlinzi hamuulizi ana nguvu gani. Anamuuliza, "Mzazi wako yuko wapi?" Mjomba anahitajika ili geti lifunguliwe. Anahitajika kutoka mjini hadi Nanyamba usiku. Anahitajika kuwa na kitambulisho, na vocha ya simu. Baada ya hapo anyamaze, kiganja cha Somoe kifanye kazi.

Sasa nije kwenye jambo lililotuchukua siku tatu, na ambalo Siegel hakuwa na haja ya kulifikiria. Mtoto wa Kimarekani anamwambia mtu mzima "washa gari" na hadithi inaendelea. Kwetu huwezi. Somoe akimwambia mjomba wake "Washa pikipiki!" msomaji wa mitaa yetu ya Chikongola au Ligula anafunga kitabu, anasema huyu mtoto hana adabu, na shujaa asiye na adabu hapa hafiki ukurasa wa pili. Tena si mjomba wa hivi hivi. Kwetu Wamakonde ukoo ulifuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, kwa mambo mengine kumzidi hata baba. Mpwa wangu alikuwa amemchagua kuwa utingo mtu ambaye kimila ndiye bosi wake. Nilimuuliza kama alikusudia. Akaniangalia kama vile nimeuliza kama maji yana unyevu.

Tukajaribu njia kadhaa. Njia iliyokaa ni hii: Somoe haamrishi hata mara moja, lakini kila anachoomba kinafanyika. Anaanza na shikamoo hata adui akiwa anakimbia. Mjomba anaitikia marahaba huku anapiga kiki. Kisha Somoe anasema, "Mjomba, naomba tupite njia ya pwani," na kisanduku kinachofuata tayari wako njia ya pwani. Msomaji anaelewa nani anaongoza bila mtu kuvunjiwa heshima, na zaidi ya hapo inachekesha. Wale watoto wa mtaani kwetu walipoisoma, walichokuwa wanaigiza uani si mapigano. Ni ile shikamoo ya mbiombio.

Kwa hiyo usimwige mtoto wa katuni za nje anavyoongea. Adabu ya Kiswahili siyo kamba inayomfunga shujaa wako. Ndiyo silaha yenyewe ukijua kuitumia.

Kuna njia za mkato mbili nitazitaja upesi. Moja ni kumgeuza mtoto awe mtu mzima kazi ikipamba moto. Billy Batson, mvulana wa katuni za Marekani tangu 1940, anasema "Shazam!" radi inapiga, anakuwa jitu. Ni tamu, nakubali, watoto wanaipenda, ila ukiitazama vizuri mtoto ametolewa uwanjani. Nyingine ni kuwaua wazazi ili mtoto awe huru. Robin yatima, Peter Parker wa 1962, yaani Spider-Man, yatima, na hata yule mjomba aliyemlea akafa. Huku kwetu njia hiyo haifanyi kazi, hata ukitaka. Wazazi wakifa wanakuja bibi, shangazi, mama mdogo na majirani wawili, nyumba inajaa, mtoto hapati hata nafasi ya kwenda chooni bila kuulizwa. Ukitaka mtoto abaki peke yake Mtwara au Lindi, usiue mtu. Peleka kila mtu shambani kuokota korosho. Kuanzia Oktoba vijiji vizima vinahamia chini ya mikorosho, na hapo Somoe ana mchana kutwa.

Nirudi kwa mjomba. Tulipompunguzia maneno alikuwa amebaki kama mfuko. Anaendesha, anasimama, anasubiri. Msaidizi wa namna hiyo anachosha. Mchoraji wa Ubelgiji aliyeitwa Hergé alikuwa na kijana wake Tintin tangu 1929, hodari, msafi, hana kosa. Mwaka 1941 akamletea Kapteni Haddock, baharia mlevi mwenye matusi ya ajabu ajabu, na tangu hapo hadithi zikapata damu. Mtu mzima alibeba udhaifu wote ambao kijana hakuruhusiwa kuwa nao. Kwa hiyo mpe msaidizi wako kasoro, na iwe kasoro ya kikubwa. Kuogopa mbwa ni kasoro ya mtu yeyote. Deni ni kasoro ya mtu mzima.

Lakini pia mpe kazi ya kusema "bado". Hili nililitoa kwenye ngano ya pwani niliyosimuliwa na bibi, ya nunda mla watu. Paka wa sultani anakula mifugo, sultani anasema paka wangu, mali yangu, mwacheni, mpaka paka anaanza kula watu na wana wa sultani wenyewe. Anayekwenda kumuua ni kitinda mimba, watumishi wakimfuata. Kila akiua mnyama anamkokota nyumbani akiimba kwamba amemuua nunda, na mama yake anamuimbia kwamba siye. Anarudi tena porini. Mama hashiki mkuki, wala hamdanganyi ili afurahi. Sidhani kama kuna msaidizi mzuri kuliko huyo katika katuni yoyote. Tulimpa mjomba sentensi yake moja ya namna hiyo: Somoe akimtaja mwizi wa kilo, mjomba anauliza, "Una uhakika ni yeye?" Mara mbili si yeye.

Kuhusu vifaa sina mengi. Karatasi za A4 kunja katikati, penseli kwanza, wino baadaye, usijaze ukurasa kwa visanduku zaidi ya sita maana kopi ya mashine ya mtaani inakula mistari myembamba.

Imebaki kasoro ya mjomba, na hapo mpwa wangu aliniomba penseli. Alikaa nayo kibarazani jioni nzima. Ukurasa wa 12 Somoe anamfikia adui wake, mfanyabiashara wa kangomba, yule anayekupa hela kidogo mikorosho ikiwa ndio kwanza ina maua, kisha wakati wa mavuno korosho ni zake. Somoe anafungua daftari lake la majina. La tatu kutoka juu ni la mjomba wake. Gunia mbili.

Sikusema kitu. Mwaka ambao mke wangu aliumwa niliuza hivyo hivyo, gunia mbili zikiwa bado ziko mtini, na sikumwambia dada yangu mpaka yule bwana alipokuja na lori. Mpwa wangu alikuwa na miaka sita. Nilidhani alikuwa amelala.

Yule Pat Dugan alirudishwa 1999 na mwandishi Geoff Johns, safari hii akiwa baba wa kambo wa msichana aitwaye Courtney Whitmore. Binti anachukua mkanda wa Star-Spangled Kid kwenye vitu vya zamani vya Pat, anaanza ushujaa wake, na Pat hawezi kumzuia. Anajitengenezea vazi kubwa la chuma, anaingia ndani, anamfuata. Johns alimpa binti huyo jina la mdogo wake aliyekufa katika ajali ya ndege ya 1996. Nilikuwa nimeijua hadithi hiyo kama ya kuchekesha, mtu mzima ndani ya dude la bati akimkimbilia mtoto. Baada ya ukurasa wa 12 niliacha kuiona hivyo.

Kisanduku cha mwisho cha mpwa wangu kinamwonyesha mjomba amekaa juu ya pikipiki iliyozimwa, ameshika lile daftari. Kuna kiputo juu ya kichwa chake, cheupe. Nilidhani amesahau, nikauliza huyu anasema nini.

"Bado anafikiria, Mjomba," akasema. "Kiache."

Nikatoa kopi ishirini, kiputo kikiwa kitupu.