Muulize Fundi: Naitrasi kwenye Altezza, na baridi yetu hii ya Mbeya

SWALI: Shkamoo fundi. Mi nipo Uyole, nina Altezza ile ya silinda sita, injini 1G-FE, gia ya mkono. Kuna braza anarudi toka Sauzi anasema ana seti nzima ya naitrasi, ile gesi ya mtungi ya kuongezea injini nguvu (nitrous oxide), ataniachia kwa bei ya mshkaji. Nimeambiwa nikifunga hiyo gari inakuwa roketi. Je itaongeza kiasi gani, injini itadumu, na pale Mlima Nyoka ntayaacha malori? – Kijana wa Uyole

JIBU: Marhaba mwanangu. Malori ya Mlima Nyoka hata Vitz inayaacha, kwahiyo hilo tuliweke pembeni. Ila swali lako zuri kuliko unavyodhani kwa sababu ya hapa tunapoishi.

Naitrasi yenyewe haiwaki. Kazi yake ni kubeba oksijeni, kwa uzito ni kama asilimia 36, wakati hewa ya kawaida ni 23 tu, ikiingia kwenye silinda joto linaipasua, oksijeni inabaki huru, na sasa unaweza kuchoma petroli nyingi zaidi kwa mpigo mmoja. Nguvu inatoka kwenye hiyo petroli ya ziada. Ukiongeza gesi bila petroli umetengeneza tochi ya kuchomelea ndani ya injini yako mwenyewe, pistoni inatoboka.

Sasa hapa Mbeya. Tupo kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa nyembamba, injini isiyo na tabo (feni ya kusukumia injini hewa) inapoteza karibu moja ya sita ya nguvu. Hiyo 1G yako ikiwa mpya kule Dar ina farasi 160, hapa unaendesha 130 na kitu, na hapo sijahesabu uzee. Naitrasi haijali mlima, oksijeni yake inakuja nayo mtungini. Wajerumani waliligundua zamani, ndege zao za vita ya pili ya dunia zilikuwa na mfumo ulioitwa GM-1, naitrasi tupu, kwa ajili ya kule juu ambako injini inakosa pumzi. Kwahiyo ukifunga shoti ya 50, yaani gesi ya kuongeza farasi 50, karibu nusu inakulipia deni la mlima na nusu nyingine ndo faida. Shoti ya 50 kwa injini nzima isiyokula oili inavumilika, ukinitajia 100 mi simo.

Ila mlima sio shida, shida ni baridi. Ndani ya mtungi gesi iko kama maji, na presha yake inafuata joto la mtungi. Mtungi ukiwa na digrii 30 geji inasoma kama psi 900 (psi ni kipimo cha presha), ambapo ndo jeti nyingi, vile vitundu vya kupitishia gesi na petroli, zimepimwa, 900 mpaka 950. Asubuhi ya mwezi wa saba hapa, digrii 10, geji inasoma chini ya 600. Gesi inatoka kidogo, petroli ile ile, gari inakohoa na kutoa moshi mweusi.

Nimeshafungua injini moja iliyokufa hivi hivi. Fundi wake (simtaji, ana watoto) aliona moshi mweusi asubuhi akapunguza jeti ya petroli mpaka gari ikatulia, jamaa akafurahi, mchana akashuka nayo Kyela. Kyela unaijua, joto, mtungi upo kwenye buti juani, presha ikapanda, gesi ikawa nyingi petroli kidogo, akakanyaga mara mbili tu. Pistoni ya tatu ilikuwa na tundu unapitisha kidole. Na hakuna aliyekosea hesabu ya asubuhi, ilikuwa sahihi kabisa kwa asubuhi ile!

Kwahiyo funga geji ya presha unayoiona ukiwa umekaa kwenye usukani, na blanketi la umeme la kupasha mtungi lenye kujizima. Sio jiko la mkaa, sio gasi tochi, nasema kwa sababu nimeshaona mtu anafikiria.

Mengine haraka. Chukua mfumo unaopuliza gesi na petroli pamoja, pampu ya mafuta iwe nzima, plagi ziwe za aina ya baridi zaidi kwa hatua moja, taiming (wakati wa cheche) irudi nyuma kama digrii 2. Swichi iruhusu gesi eksileta ikiwa mwisho tu na mzunguko wa injini umepita elfu 3 kwa dakika, alaf izime kabla injini haijafika pale inapojikatia petroli, maana hapo petroli ikikatwa gesi bado inaingia. Mtungi ulale kwenye buti, valvu itazame mbele, ufungwe kwa brakti zake sio kamba ya manila. Mtungi wa kilo 4 na nusu kwa shoti ya 50 ni dakika tatu hivi za kukanyaga, basi umekwisha.

SWALI: Kamwene fundi, nina Subaru ya tabo, niongeze na naitrasi? – Wa Kihesa, Iringa

JIBU: Kamwene. Tabo yako inakufidia sehemu kubwa ya huo mlima tayari. Pima kompresheni kwanza, ringi za pistoni za hizo gari zimechoka nyingi, hiyo hela weka kwenye oili na intakula (kipoza hewa ya tabo) safi.

SWALI: Fundi eti ndo ile gesi ya kuchekesha ya madaktari? Na mtungi ukiisha nauza wapi roho yangu kujaziwa? – Tukuyu

JIBU: Ndo hiyo hiyo, ila ya magari mara nyingi huwekewa salfa kidogo ili mtu asiivute, na ikivuja gari ikiwa imefungwa vioo inakunyima hewa bila kukuchekesha. Bomba la usalama la mtungi, lile la kutolea gesi presha ikizidi, litokee nje ya bodi. Kuhusu kujaza, uliza hilo KABLA hujanunua seti. Wauza gesi ya kuchomelea watakwambia wana oksijeni, kwamba ni kitu kile kile. Sio kile kile. Oksijeni tupu ikikutana na oili inalipuka, na ukiwakuta wanataka kukujazia, beba mtungi wako mtupu urudi nao nyumbani.